Shujaa: Miaka 10, Makocha 9

Aprili 2025 Shujaa iliingia fainali ya duru ya Singapore. Fiji ikatupiga 21-12. Haikuuma sana, kwa sababu fainali ni fainali, na wengi wetu tulikuwa tumeshasahau ladha yake. Kisha msimu ukaisha, tukaangalia jedwali, na Kenya haikuwa ndani ya 8 bora. Bahati mbaya huo ndio mwaka ligi kuu ya dunia ilikuwa inapunguzwa kutoka timu 12 hadi 8. Msimu uliofuata tukajipata daraja la pili.

Timu ile ile, wachezaji wale wale, mwaka ule ule. Leo wako fainali, kesho wako chini.

Mtandaoni majibu yalikuwa yale ya kila mwaka. Vijana wanapenda sherehe. Vijana wamebweteka. Kocha afutwe. Vipaji viliisha na kina Injera. Mimi nimeyasikia haya tangu nianze kufuatilia raga, na kila nikirudi kwenye historia ya hii timu naona hayalingani na tarehe. Ukipanga miaka vizuri, inakuonyesha kitu kingine kabisa: Shujaa haijawahi kukosa wachezaji. Shida ni kwamba kila ikifika juu, sisi wenyewe tunaivunja kabla haijatulia.

Hebu tupange hiyo miaka pamoja.

Mchezo wa wikendi

Raga ililetwa hapa na Waingereza, na kwa muda mrefu ilikuwa ya klabu zao. Nondescripts, wale tunaita Nondies, walianza 1923. Kenya Harlequin ni ya 1952. Ilibidi tungoje hadi 1977 ndipo Mwamba ianzishwe, klabu ya kwanza iliyoundwa kwa ajili ya wachezaji Waafrika. Vyuo vikaingia na kina Mean Machine wa UoN. Shule nazo zikawa kiwanda: Lenana, Nairobi School, Upper Hill, Kakamega High, Laiser Hill. Halafu ukaja ule mzunguko wa kitaifa wa wachezaji saba ambao nyinyi wote mmewahi kuhudhuria hata kama hamkuangalia mechi: Prinsloo pale Nakuru, Driftwood Mombasa, Dala Kisumu, Kabeberi na Christie hapa Nairobi.

Kumbuka jambo moja kuhusu huu mfumo. Ulijengwa kwa watu wenye kazi nyingine. Mchana uko benki ama darasani, jioni uko mazoezini, Jumamosi unacheza, usiku mnakunywa pamoja na mliowapiga. Viongozi pia walikuwa watu wa klabu, waliochaguliwa na klabu. Hakukuwa na aibu yoyote katika hilo, maana raga ya dunia yenyewe haikuruhusu malipo rasmi hadi 1995. Kila mtu alikuwa anacheza kwa mapenzi.

Na katika dunia ya mapenzi, kijana wa Kenya mwenye mbio na mwili alikuwa hatari sana.

2009: mwaka uliobadilisha kila kitu

Machi 2009, Kombe la Dunia la wachezaji saba lilikuwa Dubai. Benjamin Ayimba ndiye kocha, Humphrey Kayange na mdogo wake Collins Injera wako uwanjani. Robo fainali Kenya ikaitoa Fiji, mabingwa watetezi, 26-7. Wasee, Fiji! Nusu fainali tukalala kwa Argentina 12-0. Mwezi uliofuata tukaingia fainali ya duru ya Adelaide, tukapoteza kwa Afrika Kusini 26-7.

Hapo ndipo Wakenya wengi walijua kuna timu inaitwa Shujaa. Lakini tukio kubwa zaidi la mwaka huo kwa timu yetu halikutokea uwanjani. Oktoba 2009, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliamua kwamba raga ya wachezaji saba itachezwa Olimpiki kuanzia Rio 2016.

Sisi tulishangilia. Tukaona medali. Hatukuona upande wa pili: nchi zenye pesa ambazo zilikuwa zinachukulia huu mchezo kama burudani ya pembeni sasa zilikuwa na sababu ya kuuwekea bajeti. Mchezaji wa saba akaanza kuajiriwa kabisa, anaamka kwenda mazoezini kama wewe unavyoamka kwenda kazini. Ana daktari, ana mtu wa chakula, ana mshahara mwisho wa mwezi. Dunia ikahama kutoka mapenzi hadi kazi. Kenya ikahama nusu. Tukaanza kudai matokeo ya watu walioajiriwa, huku ofisi ikiendelea kuendeshwa kama klabu ya wikendi.

2013: jirani yetu kwenye jedwali

Msimu wa 2012-13 kocha alikuwa Mwingereza, Mike Friday. Wellington, Februari 2013, Kenya ikawatoa New Zealand nyumbani kwao katika nusu fainali. Fainali tukapigwa na Uingereza 24-19 katika muda wa ziada. Mwisho wa msimu tulikuwa nambari 5 duniani, nafasi ambayo hatujawahi kuipita. Kisha Kombe la Dunia pale Moscow, nusu fainali tena, Uingereza tena, 12-5.

Baada ya Moscow, Friday akaondoka.

Sasa ngoja nikuonyeshe nchi mbili.

Ya kwanza ni Argentina. Msimu huo ilimaliza chini ya Kenya. Mwaka huo huo wa 2013 nayo ilipata kocha mpya, Santiago Gómez Cora, mchezaji wao wa zamani aliyekuwa ameshikilia rekodi ya dunia ya kufunga trai nyingi zaidi. Unajua ni nani alikuja kuvunja hiyo rekodi? Collins Injera wetu, London, Mei 2016. Kwa hivyo kwenye uwanja tuliwapita. Lakini Argentina ilimwacha Gómez Cora kazini. Ilimwacha 2014, 2015, 2016. Ilimwacha alipopoteza. Tokyo wakachukua shaba. Msimu wa 2023-24 wakaongoza ligi ya dunia, na msimu uliofuata wakaongoza tena. Kocha ni yule yule.

Ya pili ni Marekani. Mwaka 2014 ilimchukua Mike Friday, huyo huyo aliyetoka kwetu, ikakaa naye miaka 10. Msimu wa 2018-19 Marekani ilimaliza nambari 2 duniani. Msimu huo huo Kenya ilikuwa inapigania kutoshuka daraja.

Na sisi? Hesabu nami kuanzia hapo. Friday alifuatwa na Paul Treu kutoka Afrika Kusini, ambaye kufikia mwisho wa 2014 hakuwepo. Akashikilia Felix Ochieng. Akarudi Ayimba 2015. Akaja Innocent Simiyu 2016. Akaja Paul Murunga 2018. Akaja Paul Feeney 2019. Akarudi Simiyu 2020. Akaja Damian McGrath 2022. Akaja Kevin Wambua 2023. Ukianza na Friday, hao ni watu 9 katika miaka 10, na kiti kimebadilishwa mara 9.

Mtu atasema, makocha si hufutwa kila mahali? Ndio, lakini raga ya saba ina ukatili wake. Mechi ni dakika 14. Timu iliyofunga ndiyo inayopiga mpira wa kuanzisha tena. Maana yake ukikosa mtu wa kuruka na mtu wa kumnyanyua wanaoelewana bila kuangaliana, unaweza kufungwa trai 3 bila hata kugusa mpira. Huo uelewano haununuliwi sokoni. Unatoka kwa kurudia kitu kimoja na watu wamoja kwa misimu miwili, mitatu. Kila kocha mpya anakuja na mpango wake, wachezaji wake, lugha yake. Unaanza upya, na dakika 14 hazikungoji ujifunze.

2016 hadi 2018: tunajenga, tunabomoa

Aprili 17, 2016. Singapore. Kenya 30, Fiji 7. Taji la kwanza na la pekee la Kenya kwenye mfululizo wa dunia. Andrew Amonde ndiye nahodha, Injera anafunga, Ayimba amesimama pembeni. Hata mtu ambaye hajui raga huwa amewahi kuona video ya ile siku.

Miezi minne baadaye, Rio, tukamaliza nambari 11 kati ya timu 12. Hiyo ilikuwa aibu na siwezi kuipamba. Lakini tazama tulichofanya nayo. Hatukukaa chini kuuliza kati ya Aprili na Agosti kulienda vipi. Tulibadilisha kocha. Yule aliyetupa taji la pekee akawa ndiye kosa.

Simiyu akaanza kujenga yake. Ilimchukua msimu mmoja na nusu, halafu Machi na Aprili 2018 Kenya ikaingia fainali mbili mfululizo, Vancouver na Hong Kong. Zote tulipigwa na Fiji, lakini fainali mbili mfululizo hazikuwa bahati.

Wakati huo huo upande wa pesa ulikuwa unabomoka. SportPesa ilikuwa imeingia kama mfadhili 2016 kwa mkataba wa miaka 5. Serikali ilipopandisha ushuru wa kampuni za kamari hadi 35%, Januari 2018 SportPesa ikaondoa ufadhili wake wote wa michezo nchini. Ukitegemea mfuko mmoja, ukitoboka umelala njaa. Kufikia Juni, kule Paris, wachezaji walitoka uwanjani wakiwa wamefunika maandishi ya Make It Kenya kifuani. Walikuwa wanadai malipo yao.

Hii ndiyo picha ningependa kila shabiki aiweke akilini. Wanaume waliokuwa wameingia fainali mbili miezi michache kabla, wakiwa mbele ya kamera za dunia, na njia pekee iliyobaki ya kusema "tulipeni" ni kuficha jina la nchi yao. Na mjadala huku nyumbani ukageuka: badala ya kuuliza pesa iko wapi, tukauliza adabu iko wapi.

Kabla mwaka haujaisha, Simiyu hakuwa kocha tena. Msimu mpya ulipoanza, wachezaji wazoefu walikuwa nje kwa sababu ya mikataba, na vijana wageni wakatupwa uwanjani dhidi ya Fiji na New Zealand. Ndio ule msimu wa 2018-19 niliosema. Tuliponea chupuchupu.

Ukiuliza mtu wa kawaida kwa nini Shujaa ilikuwa mbaya 2019, atakuambia "kizazi cha Injera kilizeeka." Hapana bana. Kizazi kilikuwa nyumbani kikingoja mkataba.

2023 hadi leo

Yaliyofuata ni marudio. Corona ikaja. Simiyu akarudi. Tokyo tukamaliza nambari 9. Mei 2021, kabla ya hizo Olimpiki, Ayimba alifariki baada ya kuugua malaria. Alipokuwa hospitalini, familia na marafiki walilazimika kuomba Wakenya wachange bili. Huyu ndiye mtu aliyetufikisha nusu fainali ya dunia na kutuletea taji. Sitaongeza neno hapo.

Mei 2023, London, ligi ikipunguzwa hadi timu 12, tuliwekwa kwenye mchujo na Uruguay, Tonga na Kanada. Kanada ikatupiga 12-7. Baada ya zaidi ya miaka 20 kwenye jedwali la wakubwa, tukashuka.

Halafu tazama maajabu. Septemba mwaka huo huo, Harare, timu ile tuliyosema imekufa ikaipiga Afrika Kusini 17-12 na kujikatia tiketi ya Olimpiki. Juni 2024 tukapanda tena ligi kuu pale Madrid. Paris tukamaliza nambari 9, na Afrika Kusini tuliyoipiga Harare ikaenda nyumbani na shaba.

Hapa ndipo hoja ya vipaji inakufa kabisa. Ukiweza kumpiga mshindi wa shaba miezi 10 kabla ya kuchukua shaba yake, shida yako si miguu. Afrika Kusini ilikuwa na kocha mmoja, Neil Powell, kutoka 2013 hadi 2022. Ilikuwa na mfumo ambao hata ukipoteza fainali, Jumatatu watu wanarudi kazini, mshahara uko, mpango ni ule ule. Wanapata nafasi ya kurekebisha kosa. Sisi kosa likitokea tunabadilisha watu, kwa hivyo kosa linabaki, linangoja wageni.

Kwa haki, Wambua hakufutwa baada ya Paris, na labda ile fainali ya Singapore 2025 ni matunda ya hilo. Lakini msimu mmoja wa utulivu haulipi deni la miaka 10. Tulipata siku moja nzuri, tukakosa uzito wa kuwa wazuri kila wikendi. Ligi haipimi siku yako bora. Inajumlisha zote.

"Lakini hatuna pesa"

Najua hii inakuja. Argentina nayo mwaka 2023 bei za vitu zilipanda zaidi ya maradufu ndani ya mwaka mmoja, lakini kocha alibaki. Fiji ina watu wasiofika milioni moja. Iliajiri Ben Ryan 2013, na mwenyewe amesimulia jinsi miezi ya kwanza alifanya kazi bila mshahara. Lakini walimwachia timu hadi Rio, na ikawa medali ya kwanza ya Olimpiki katika historia ya Fiji, ya dhahabu. Tokyo, chini ya Gareth Baber, wakachukua dhahabu tena. Kwa hivyo pesa ni muhimu, ndio, lakini kukosa pesa hakukulazimishi kubadilisha kocha mara 9. Kumwacha mtu amalize kazi ni bure.

Na ile ya sherehe? Sikatai, raga yetu ilizaliwa karibu na bia na kuna wachezaji wamejiharibia. Lakini mfumo wenye nidhamu hufunza mtu nidhamu. Huwezi kumlipa mtu miezi mitatu imechelewa, umbadilishie bosi kila mwaka, halafu ushangae hajichukulii kama mfanyakazi.

Tudai nini

Sisi mashabiki tuna tabia moja ambayo inasaidia ofisi sana: tunapiga kelele kuhusu mechi na kunyamaza kuhusu mikataba. Shujaa ikipoteza, jina la kijana aliyeangusha mpira linavuma siku nzima. Mkataba usipotiwa sahihi, ni habari ya aya tatu ukurasa wa nyuma.

Tugeuze hiyo. Kocha yeyote apewe mzunguko mzima wa Olimpiki, miaka 4, na apimwe mwisho wake. Mikataba ya wachezaji itiwe sahihi kabla ya msimu kuanza, na itangazwe imetiwa sahihi. Chama cha raga kionyeshe hadharani pesa ya timu ya saba imetoka wapi na imeenda wapi. Na viongozi wanaochaguliwa na klabu waulizwe na hizo klabu, kabla ya kura, makocha wangapi wamepita mikononi mwao. Hapo kuna kazi yako pia: kama uko klabu yoyote, Nakuru, Kisumu, Kakamega, Nairobi, klabu yako ina sauti pale. Uliza inatumika vipi.

Los Angeles 2028 haiko mbali. Kuna kijana sasa hivi Kakamega ama Upper Hill ambaye ana mbio za Injera, na hajui. Atafika, hao huwa wanafika. Swali ni kama atakapofika atakuta nyumba, ama atakuta tunaanza msingi tena.